Boksi Lililomeza Hapana Yangu

Hapana, simu yangu haikuwa na kosa. Bando lilikuwepo, na masikio ninayo mpaka leo. Kosa ni la lile boksi la kwenye korido.

Nilikuwa nawapikia wafanyabiashara pilau chumbani kwangu, hapa Xiaobei, huku kwa Wachina, ghorofa ya nane. Siku moja laoban, mwenye jengo, akaja na ngazi, akaligongomelea boksi jeusi juu ya lifti, taa zinakonyeza kama macho ya muongo. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, anakitolea puani: "Mama, intaneti sasa hao, hao, nzuri sana. Boksi nachunga. Nasaidia."

Binti wa chumba cha pili, mwanafunzi anayesomea mambo hayohayo, akalitazama, akasonya. Huyo anaongea kama anasoma taarifa ya habari: "Bibi, mtandao ulijengwa katikati pawe njia tu. Akili ikae kwa wanaoongea, huku na kule. Hili linafungua kila bahasha inayopita, linaandika anwani upya, halafu linajiona limesaidia."

Nikamwambia, mwanangu, hilo si boksi, hilo ni mshenga aliyejituma.

Tukacheka. Wiki ileile ikaja posa ya mtoto wa kaka yangu. Yule nimemlea mimi tangu anaachishwa ziwa. Na mwanamume mwenyewe alishamvunja mkono mke wa kwanza, Pangani nzima inajua. Kumkatalia baba yake, mtoto hathubutu, lakini kwetu posa haijibiwi mpaka shangazi aulizwe. Akanipigia akanong'ona: "Shangazi, utasema wewe." Nikamwambia nitasema.

Ijumaa wakapiga, nikawasikia wote. Vikombe vya kahawa nikavisikia. Mshenga anaongea kama ana halua mdomoni: "Tumekuja kuomba jiko." Kaka akauliza: "Dada, una neno?"

"Ninalo. Hapana. Mtoto wangu haendi kwenye nyumba ya kuvunjana mikono."

"Dada, una neno?"

Nikarudia. Nikapaza sauti mpaka Mkongo wa chini akagonga dari: "Maman, pole pole." Mkongo ananisikia, Pangani hawanisikii. Sauti zao zinakuja, yangu haiendi. Kaka naye hakutaka kuuliza mara ya tatu, maana kimya kile kilimfaa. Akasema kwa ile sauti yake ya kumuuzia mtu ng'ombe mgonjwa: "Kimya cha mwanamke ni ridhaa." Wakasoma fatiha, naisikia neno kwa neno. Vigelegele navyo boksi likavipitisha, hata kimoja halikukizuia.

Nikashuka ngazi na mwiko mkononi. Laoban anakunywa chai. "Mei banfa, mama," hakuna la kufanya. Hakuna la kufanya, na ngazi alipanda yeye. Nani alimtuma asimame katikati ya mdomo wangu na masikio ya ndugu zangu?

Yule mwanafunzi akanipa simu yake, yenye laini isiyopita kwenye boksi. Mtoto wangu akapokea mwenyewe. Nikamweleza: nimesema hapana, nimesema mpaka koo limekauka, kuna kitu huku kwenye korido kimeimeza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Shangazi, neno langu lote nililiweka mdomoni mwako, ukanyamaza. Usinipigie tena."