Tusekile na Mlango wa Pumba

Sijakubali bado kwamba Tusekile hayupo. Jana tumemzika Uyole, leo nimerudi kwangu Mlandege, na kidole bado kinatafuta namba yake kwenye simu.

Mnaonifuata humu mnamjua. Ni yule bibi aliyekuwa anakomenti "muongo huyo" kila nikijisifia mapishi.

Tulikutana miaka ya sabini, tukiwa wasichana, kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko bonde la Usangu. Mashine yenyewe ilishang'olewa zamani.

Mimi Mhehe, yeye Mnyakyusa. Asubuhi namsalimia "kamwene", yeye ananirudishia "ugonile", umelalaje kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, mpaka uzeeni.

Mimi nilishona midomo ya magunia, yeye alipepeta na kujaza. Tuliinama toka shifti inaanza hadi inaisha, jioni tunakandana migongo kwa maji ya moto.

Na vumbi lile la pumba lilikuwa linawasha. Madirisha yalifungwa ili upepo usipeperushe mchele, sisi tukajifunga kanga puani.

Siku moja supavaiza, bwana wa kaunda suti iliyonyooka, akatutangazia kwamba wataalamu wanakuja kupima vumbi tunalovuta na kuangalia tunavyoinama. Akamalizia, "Akina dada, hao ni wageni. Msitutie aibu."

Mnatujua watu wa huku kwa wageni. Tulifagia mpaka kwenye kenchi za paa, tukamwaga maji sakafuni, tukafungua madirisha yote, tukavaa kanga za kanisani. Mashine nayo ikawekwa mwendo wa pole.

Tusekile alishika ufagio lakini hakufagia. "Jamani, wanakuja kupima vumbi. Mbona tunalifukuza?"

"Kwa hiyo Tusekile, unataka wageni watukute wachafu?" supavaiza akamuuliza.

"Sasa wanakuja kuona nini, ndugu? Kanga zetu?"

Tulicheka sana. Yule bwana hakucheka, na toka siku ile sikumwamini tena. Wanaonijua wanajua mimi hata nikiambiwa mvua inanyesha natoka nje kuangalia.

Wataalamu wakaja, watu wa adabu zao. Wakaweka kimashine cha kunyonya hewa karibu na mizani, na dada mmoja akakaa kututazama tunavyonyanyua magunia.

Tusekile akapotelea nyuma ya mashine, ambako hatukufagia. Akarudi na kanga imejaa vumbi, akaikung'utia pale pale mbele ya kimashine. "Dada, na hili lipime. Hili ndilo la kila siku."

Yule dada alikohoa, akafungua mdomo amuulize kitu. Supavaiza akawahi, "Samahani, huyu ana utani sana." Wakahamishia kimashine dirishani, wakaanza upya.

Baadaye tukaambiwa hewa yetu ni nzuri. Madirisha yalikuwa yamefungwa jioni ile ile wageni walipoondoka.

Haikupita muda Tusekile akahamishiwa mlango wa pumba, pale mashine inapotapika maganda na vumbi lote. Supavaiza alisema ni kupokezana kazi tu, utaratibu wa kawaida. Sawa. Mbona sisi wengine hatukupokezana naye?

Alikaa mlango ule mpaka tulipoacha kazi. Kikohozi alikitoa huko, akaolewa nacho, akazeeka nacho.

Mtasema bibi ana dhana mbaya. Ninayo, na sijaona sababu ya kuiacha.

Siku hizi nawasikia wataalamu redioni wakieleza vumbi la kazini linavyokaa kifuani miaka na miaka, na kuinama kunavyoharibu mgongo. Nafurahi wanasema. Ila kila wakitamka "tulipima", natamani kuwauliza nani alifagia kabla hawajafika.

Sasa niseme lililonifanya niandike, maana nimelibeba ndani ya basi toka Mbeya na limenikaa vibaya.

Jana jikoni, msibani, nimesikia mawifi wa Tusekile wakinong'ona kwamba Rehema, mke wa mwanawe Baraka, "anajua kilichomuua mama". Eti kwa sababu ndiye aliyekuwa anampikia uji. Tumetoka makaburini, wakamwambia afungashe vitu vyake aondoke.

Nimewatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumkuta akimuuguza mgonjwa.

Rehema nilimkuta. Tusekile akilala chali pumzi ilikata, kwa hiyo yule binti alikuwa anapanda kitandani, anakaa, mkwewe anamwegemea mgongoni hadi asinzie. Unamtilia mtu sumu kwenye uji halafu unampa na mgongo wako?

Baraka mwanangu, najua unasoma humu. Uliniambia mwenyewe daktari alikuuliza mama alifanya kazi gani ujanani, ukamjibu "mkulima", kwa sababu hakuwahi kukusimulia. Hakupenda kuonewa huruma, huyo mama yako.

Sasa nimekusimulia mimi. Shangazi zako kama wanatafuta aliyemuua mama yako, waanzie mlango wa pumba, waache jiko la mkeo. Na wewe usikae kimya kwa kuogopa wakubwa. Nenda chumbani kamwambie Rehema afungue mizigo.

Nitapiga simu kesho kuhakikisha. Wewe nakupenda, lakini nitataka kumsikia yeye mwenyewe.

Tuse, shoga yangu, ulikuwa peke yako siku ile na ufagio wako, na sisi tukakucheka. Leo nimeshindwa mimi, nakusalimia kwa lugha ya kwenu.

Ugonile, Tuse. Lala chali sasa.