Mama Mizani na Mtetezi wa Buibui

Pale posta walimwita Mama Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima vifurushi, na kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kupimwa naye pia. Mizani yenyewe ilikuwa ya zamani, ya sahani ya bati na mshale mrefu. Wakubwa walitaka kumletea ya umeme, akakataa katakata. "Hiyo yenu itanipa namba tu," alisema. "Hii yangu inasema. Mzigo wa kawaida ukiuweka, mshale unatikisika kisha unatulia. Ukiona hautulii, jueni humo ndani mna roho."

Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: buibui. Hata kale kadogo ka darini kakimtokea, alipanda kiti na kuita majirani. Sasa tazama mambo ya dunia. Mdogo wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, akaolewa na mtetezi wa buibui.

Mtetezi, eti! Huyo shemeji hakuwa na kazi nyingine inayojulikana. Kilima cha nyuma ya mji kilikuwa na buibui wakubwa wa manyoya, wale wanaoitwa tarantula, wenye miguu ya buluu, na ilisemekana hawapatikani kwingine kokote. Jike lao hukaa shimoni mwake miaka na miaka, hana habari na mtu. Lakini watu wa mbali wanaopenda kufuga viumbe vya ajabu waliwatamani, na buibui wakaanza kuchimbuliwa kwa jembe mpaka wakawa wa kutafuta kwa tochi. Hapo shemeji akaona pa kutokea. Akaunda chama cha kuwatetea, akajipa uenyekiti, akachapisha fulana yenye picha ya buibui. Buibui wa miguu sita.

"Shemeji, buibui ana miguu minane," Mama Mizani alimwambia siku alipoiona.

"Hiyo ni sanaa, shemeji," akajibu, kifua mbele.

"Sanaa! Haya."

Mdogo mtu akanuna. "Dada, wewe humpendi mume wangu, basi. Mwenzio anahangaikia viumbe wa Mungu."

Mama Mizani akafunga mdomo kwa ajili ya huyo mdogo wake. Asingekuwa yeye, yule bwana angeyasikia yake siku hiyohiyo.

Basi kikaja kifurushi kilichoandikwa viatu vya mtoto. Mshale ukagoma kutulia. Aliyekileta alikuwa ameshatokomea, na jina la mtumaji lilikuwa la kubuni. Mama Mizani akamwita afisa wa forodha kutoka chumba cha pili, wakakifungua. Ndani ya viatu soksi, ndani ya soksi vikopo, na ndani ya kila kikopo tarantula. Mama Mizani alikuwa juu ya stuli kabla kifuniko cha pili hakijafunguliwa. Mmoja akachomoka, akatembea taratibu hadi kwenye sahani ya mizani, akakaa hapo. Kwa kuwa aliogopa kuyaondoa macho, Mama Mizani alimtazama vizuri. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi na mwembamba, umeota upya baada ya ule wa kwanza kung'oka.

"Hata wewe," akamwambia huku meno yakigongana, "na huo mguu wa kuazima, bado una maringo!"

Sheria ilitaka mtaalamu aitwe, na mtaalamu wa mji mzima alikuwa nani kama si mwenyekiti? Shemeji akaja na fulana yake. Akawahutubia mpaka afisa akatoa leso. Akapigwa picha ameshika kikopo cha yule mwenye mguu mfupi, kifuniko wazi, tabasamu sikio hadi sikio, kisha akawachukua buibui wote. "Nitamrudisha kila mmoja shimoni mwake, kwa mkono wangu huu," alisema. Picha ile ikatiwa fremu, ikatundikwa ofisini kwa afisa.

Miezi ikapita. Kikaja kifurushi kingine, safari hii cha sufuria. Mshale ukagoma kutulia tena. Wakafungua, Mama Mizani juu ya stuli yake, na kikopo cha kwanza tu kikatoa mguu mfupi, mwembamba, wa nyuma.

Ni yuleyule. Akisema, ndoa ya mdogo wake imekwisha, na yeye ndiye aliyeivunja. Akinyamaza, kilima kitabaki mashimo matupu. Mama Mizani aliwaogopa buibui kama kifo, lakini mnafiki alimchukia zaidi.

"Ngoja nimpigie mtaalamu wetu," afisa akasema.

"Mpigie. Mwambie aje na fulana."

Shemeji akaja mbio. "Lo, maskini! Nani huyu asiye na huruma?"

"Hawa umewahi kuwaona, shemeji?"

"Sijapata. Hawa ni wapya kabisa."

"Na wale wa mwanzo?"

"Wanastarehe kilimani. Niliwatia mashimoni mwenyewe."

Mama Mizani akashuka kwenye stuli. Akaenda kuitungua ile picha ukutani, akaiweka kando ya mizani, karibu na yule mnyama. "Njoo umtazame. Si wewe mtaalamu? Mguu ule, na mguu huu."

Shemeji akatazama picha, akatazama kikopo. "Buibui hufanana, shemeji."

"Hata vilema vyao?"

Afisa akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mimi ninayewaogopa nimemtambua," Mama Mizani akasema, na sasa sauti ilifika hadi kwenye foleni ya stempu. "Wewe unayewapenda umemuuza, umekabidhiwa, umemuuza tena, na hujawahi hata kumtazama! Mtetezi! Fisi kapewa bucha na bado anaomba kupigwa picha!"

Jioni mdogo wake akaja, akasimama mlangoni. Mama Mizani alingojea matusi.

"Aliniambia wanauguzwa," mdogo wake akasema. "Walikuwa chini ya kitanda chetu, dada. Kila asubuhi nilikuwa nawapa maji." Akafuta uso kwa kanga. "Mbona hukunionya?"

"Nilisema miguu minane, ukanuna."

Mdogo mtu akacheka, kicheko kikageuka kilio, na dada yake akamvuta ndani.

Kesho yake walipanda kilima pamoja na afisa, kila mmoja na vikopo vyake. Mama Mizani alivishika vyake mbali na mwili, akisonya njia nzima. Kule juu ardhi ilikuwa imepekuliwa kama ufizi uliong'olewa meno. Shimo zima hakuna. Mdogo wake aliona jembe limetupwa majanini, jembe la nyumbani kwake, akageuza uso.

Mama Mizani akachuchumaa. Kilimani hakuna stuli. Akafungua kikopo, akamlaza yule mwenye mguu mfupi kwenye mdomo wa shimo lililobomoka. Buibui akaanza kuvuta udongo, kidogo kidogo.

"Chimba, mama," Mama Mizani akamwambia, ila macho yake yalikuwa kwa mdogo wake. "Chimba mpaka chini kabisa. Na siku akija mwanamume kukwambia anakupenda, mwulize kwanza una miguu mingapi."