Skauti Asiye na Skafu

Nikiwa darasa la tatu niliambiwa kwamba klabu kubwa za Nairobi hutuma skauti kuchagua wachezaji vyuoni, na kwamba huyo skauti huja na kaptura ya kaki, skafu shingoni na filimbi kifuani. Rafiki yangu, niliamini hayo kuliko nilivyoamini hesabu. Skauti niliowajua mimi ni wale wa shule yetu, waliopandisha bendera Jumatatu. Huyu wa klabu angekuwaje tofauti, ila unene tu?

Nyumbani tulimngoja kama mvua. Ndugu yangu mkubwa alichezea chuo cha ualimu hapa Kitui, namba saba mgongoni, na alikuwa na mbio za kumwacha swara akiuliza njia. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Asipochukuliwa, basi, ni chaki.

Jioni, nyanya yetu na jirani walilinganisha vyuo tukimenya mbaazi. Jirani aliolewa kutoka Nunguni, na chuo cha kwao kilikuwa hakikosi mtu ligi kuu.

"Nyinyi mna miguu, sisi tuna kocha," alisema. "Wetu anawapandisha mlima alfajiri. Wenu anakunywa chai akiwaangalia."

"Aiya! Kocha ndiye hufunga bao?" Nyanya akamrushia ganda. "Huyu nimemlea kwa muthokoi, mahindi ya kukoboa kwa mkono wangu. Kocha ni sufuria yangu!"

Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, usimsifu mtu wa kwenu mbele ya mgeni. Macho ya watu huharibu."

Siku ya mechi na hao wa Nunguni, vumbi lilipanda, nadhani lilionekana hadi Mombasa. Nilikodoa macho nikitafuta skafu. Kando yangu kwenye nyasi aliketi mzee wa sweta la kijivu, daftari gotini, akila njugu. Akanigawia. Ndugu yangu akapiga chenga watu tisa, kipa akiwa wa kumi, akafunga.

"Kijana, huyo namba saba unamjua?"

Nikakumbuka nyanya. "Huyo? Ni wa kawaida tu. Hata goti linamsumbua."

"Pole yake," mzee akasema, akafunga daftari.

Skafu haikuonekana. Baada ya wiki chache jirani akatuletea habari kwamba beki wa Nunguni amechukuliwa, na siku hiyo hakuringa. Alichukua ungo akamenya mbaazi nasi.

Juzi nilipita pale kiwanjani. Pamejengwa maduka. Nyanya hayupo, jirani hayupo, mbaazi tunanunua zimeshamenywa. Ndugu yangu anafundisha shule moja huko Kikima, jezi imekwisha kwa kupangusa meza. Mimi hucheka kila kitu, lakini kuna neno moja sijaweza kumwambia.

Nililipata ngumbaru, ile shule yetu ya jioni, nikiwa na ndevu zangu zote. Niliwasimulia wenzangu jinsi skauti mwenye skafu alivyokosa kufika Kitui. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiongoza. Mwalimu hakucheka.

"Skauti wa klabu havai skafu," akasema. "Huvaa kama mtu yeyote, huketi na watu, na huulizia wachezaji."