Mung'unye la Jirani

Mwenzangu, leo sokoni Likoni nimeliona mung'unye nikashindwa kulishika. Mkono ulikataa katakata. Mimi huyu, niliyekuwa nikila mung'unye la nazi hata nikalamba sahani!

Unaikumbuka Mtongwe yetu, mimung'unye ilivyotambaa juu ya mapaa ya vyoo vya uani? Kwetu nyanya ndiye aliyekuwa bwana shamba. Akishakuna nazi, hutuita, nasi "Abee!" mbio mpaka mlango wa jikoni. Hukata kipande chembamba kibichi, akampa mmoja wetu akiguse kwa ncha ya ulimi. "Mung'unye haliaminiwi kwa sura," husema. Likiwa tamu, huingia chunguni, nasi tukarudi kucheza. Likiwa chungu, huwa ni kelele na kutema mate, mwonjaji akakimbilia mtungi wa maji, na mung'unye lenyewe likafukiwa nyuma ya banda. Hata mbuzi hakupewa, maana lililo chungu ni sumu. Mchicha, mchunga, mnavu, bamia, tungule, vyote tulivijua kama tulivyowajua majirani, yupi mpole na yupi wa kujihadhari naye. Wala hakuna aliyetuketisha chini kutusomesha.

Sasa sikia. Mwezi uliopita jirani yetu hapa Kiembeni alituletea mung'unye, dogo, la kijani, zuri la kutazama. Mimi nilikuwa kazini. Mama yangu, ambaye tangu augue, ulimi wake hautambui chumvi wala sukari, akamwomba binti yangu ampikie kitu laini. Binti yangu kamaliza shule juzi, na mboga yeye huzijua zikishakatwakatwa na kutiwa kwenye mfuko. Akadhani ni tango. Akalipika kwa tui, na kwa kuwa alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, hakulionja. Mama akala akamaliza, akamwombea dua.

Niliporudi nilimkuta mama chini, chooni, anatapika na kuharisha, midomo imemkauka. Wallahi nilijua nampoteza. Hospitali, daktari akauliza amekula nini. Mtoto akawa analia tu: "Kitu cha kijani. Kirefu. Kaleta jirani." Hakuwa na jina la kumpa. Ikabidi nimpigie simu jirani, na aliposema "mung'unye" nikakaa pale pale sakafuni.

Mama alirudi nyumbani, alhamdulillahi. Amedhoofu, lakini yu hai, na alimsamehe mjukuu wake kabla hajaombwa. Aliyebaki mgonjwa ni mtoto.

Kule Mtongwe, kwenye kiwanja cha nyanya, sasa pana ghorofa, na uani wamemwaga saruji ukuta kwa ukuta. Naumia, mwenzangu, wala si kwa ajili ya nyumba. Sisi tulichuma kunazi na zambarau njiani tukitoka chuo cha Kurani, tukazitia mdomoni na vumbi lake, wala hakuna aliyeogopa, maana kila tulichokila tulikuwa tukikijua. Nani angetuambia kwamba iko siku mtoto wa nyumba ile ile ataogopa chakula?

Jana nilimtuma binti yangu jikoni akakate biringani. Akakawia. Nilipochungulia, alikuwa amesimama, biringani mkono mmoja, kisu mkono wa pili, macho yamemjaa machozi.

"Mama," akaniuliza, "hili nalo linaua?"