Kopo la Vidonge la Bi Mwatima

Mtaani kwetu Kajificheni, mtu akiumwa hupelekwa hospitali, lakini kwanza hupandishwa ngazi hadi kwa mama yangu mkubwa, Bi Mwatima Ubwa. Anakaa ghorofa ya pili, dirishani, akishona kofia za vitobo. Mkono wake ni mzuri na kofia zake huvaliwa na mabwana harusi, lakini si kofia zilizompa jina. Lililompa jina ni kopo la biskuti, la bati, lililokwanguka rangi, ambamo alikuwa akihifadhi vidonge vilivyobaki.

Vilivyobaki kwa nani? Kwa kila mtu. Aliyeandikiwa dozi ya siku saba akapata nafuu siku ya tatu alimpelekea Bi Mwatima masalio. Mwenye koo, mwenye jipu, mwenye homa alikuja akapewa viwili vitatu pamoja na dua. Alivipenda zaidi vya rangi mbili. Vingine alivifungua akamwaga unga wake juu ya kidonda cha mtu, na watu wakamshukuru. Mimi nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mbweni, nimezoea kusema na watu mchana kutwa, na sijui ni mara ngapi nilimwambia kwamba dawa ya mtu haigawiwi kama pilipili ya jirani. Jibu lake lilikuwa moja: "Nyamaza, Nadra."

Nami sikuweza kumkasirikia kwa muda mrefu, kwa sababu ndiye aliyenilea. Mama yangu, Badria, mdogo wake, alifariki kwetu Kendwa nikiwa na miaka mitano. Alivimba taya, wakasema ni jino, na haikutimia wiki mbili akatutoka. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa. Bi Mwatima alikuja na gari la abiria, akanichukua na kifurushi changu cha nguo, akanileta mjini. Kopo lilianza mwaka ule ule, ila mimi sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mwaka jana, baada ya Sikukuu, jino likamuanza yeye. Gego la chini lilikuwa limetoboka siku nyingi, sasa ufizi wake ukafanya usaha. Kwa wiki mbili alijitibu kwa kopo, viwili asubuhi, kimoja jioni, siku nyingine akisahau. Uvimbe ukishuka ananicheka. Uvimbe ukirudi ananikwepa. Asubuhi moja nilimkuta anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo huku machozi yanamtoka, nikamvisha buibui mwenyewe.

Nilimpeleka kwa Daktari Sukaina, daktari wa meno. Babu yake Sukaina alikuwa na duka la vitambaa, na Bi Mwatima alinunua nyuzi pale tangu ujana wake, kwa hiyo alikwenda kama anayekwenda kwa jamaa. Sukaina alimuamkia, akamuuliza kama ana sukari au maradhi ya moyo, akampima joto, akamtazama shingo, akamwambia afungue kinywa mpaka mwisho. Kisha akamtia ganzi, akaling'oa gego na kuusafisha usaha uliokuwa chini yake.

Bi Mwatima aliinuka kitini na pamba mdomoni, akanyoosha mkono.

"Haya mwanangu, nipe dawa nnende zangu."

"Ya maumivu nshampa Nadra, Bi Mwatima."

"Ya vijidudu, naisema."

"Hiyo huihitaji. Usaha ulikuwa umekaa kwenye jino, na jino nshalitoa. Huna homa, uvimbe haujateremka shingoni, kinywa unafungua vizuri. Hapo palipobaki mwili wako utapamaliza wenyewe." Akamuelekeza asisukutue wala asiteme mate kwa nguvu hadi kesho yake, kisha asukutue taratibu kwa maji ya vuguvugu na chumvi. "Utavimba kidogo siku mbili tatu, usiogope. Lakini ukipata homa, au uvimbe ukapanda jichoni au ukashuka shingoni, au ukashindwa kumeza, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, usingoje. Njoo mbio."

Nilidhani yameisha. Kumbe njia nzima alinung'unika nyuma ya pamba. Mtu kang'olewa jino lenye usaha, karudishwa nyumbani mikono mitupu! Babu yake Sukaina asingemfanyia hivi. Nikacheka, na hilo lilikuwa kosa langu.

Siku ya tatu sikwenda kazini. Nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kusukutulia niliposikia kifuniko cha kopo kikianguka sakafuni. Nilimkuta amekaa kitandani, shavu limevimba, vidonge vinne vya rangi mbili viko kiganjani, na cha tano amekwishakifungua. Alitaka kuumwaga unga ule kwenye tundu la jino.

Nilipandisha sauti. Nasema kweli, nilimpigia kelele mwanamke aliyenilea. Nikamwambia ni mbishi, ni mjuaji, atajiua kwa ujinga wake. Hakunijibu "nyamaza" kama desturi yake. Alivitazama vile vidonge.

"Mama yako nlimpa vinne," akasema. "Vinne tu, Nadra. Ndivyo nlivyokuwa navyo."

Nikakaa kitandani kando yake.

Akanisimulia. Badria alipovimba taya, Bi Mwatima alikwenda Kendwa na vidonge vinne vilivyobaki baada ya yeye mwenyewe kuumwa sikio. Badria akavinywa, uvimbe ukapungua, wakafurahi, safari ya hospitali ikaahirishwa. Bi Mwatima akarudi mjini. Uvimbe uliporudi ulishuka shingoni, na alipoitwa akamkuta mdogo wake hawezi tena kumeza maji. "Ningekuwa navyo kumi," akasema. "Ningekuwa navyo ishirini. Nikaapa hakuna mtu atakuja kwangu akakuta havitoshi."

Miaka ishirini na mitatu alikuwa akilijaza kopo lile kwa sababu hiyo, na mimi nilikuwa nikimcheka. Sitaficha kwamba nilimkasirikia pia, kwa mama yangu, kwa safari ile iliyoahirishwa. Hasira ilinijaa kifuani na huruma ikanijaa hapo hapo, nikashindwa kujua nianze na ipi. Nilichofanya ni kuvichukua vile vidonge kiganjani mwake, kimoja kimoja, nikavirudisha ndani. "Vaa," nikamwambia. "Na kopo tunakwenda nalo."

Sukaina alimtazama kinywani kwa taa. Akampima joto tena. Tundu lilikuwa linapona, uvimbe ndio ule aliousema, na kesho ungeanza kushuka. Bi Mwatima hakuonekana kusikia. Aliliweka kopo mapajani.

"Daktari, nikuulize. Mtu kavimba taya kwa jino. Kapewa vidonge vinne. Angepewa kumi, angepona?"

Sukaina alinitazama, nami nikatazama chini. Nadhani alifahamu.

"Jino waliling'oa, Bi Mwatima?"

"La. Uvimbe ulipungua, tukaona basi."

Sukaina akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Basi hata kumi visingetosha. Vingepunguza tena, na ungerudi tena, kwa sababu kilichokuwa kikiuleta kilibaki mdomoni. Alihitaji jino litoke, na kwa hali ile alihitaji hospitali, dawa za sindano na watu wa kumwangalia usiku na mchana. Hilo hukuwa nalo kwenye mfuko wako. Wewe ulimpa ulichokuwa nacho, na ulimpa kwa kumpenda."

Bi Mwatima alilia kwa sauti. Nilimshika bega, na nilipomshika ile hasira ilinitoka, si yote, lakini sehemu kubwa, na iliyobaki ilimalizika taratibu katika wiki zilizofuata. Kabla hatujaondoka alimkabidhi Sukaina vidonge vyote akaviteketeze inavyopaswa. Mlangoni akakumbuka kitu, akageuka. "Kopo nirudishie, mwanangu. La biskuti, langu hilo."

Uvimbe wake ulishuka, akarudi dirishani kwenye kofia zake. Kopo likakaa tupu rafuni karibu miezi miwili. Watu walipanda ngazi wakashuka wakishangaa.

Kisha akapanda Bashira wa ghorofa ya chini, anayepika vitumbua, na mwanawe wa kike ameshika kanga yake. Taya limevimba hadi chini ya kidevu, mwili unawaka, maneno yanatoka kwa shida. "Bi Mwatima, nipatie vile vya rangi mbili, viwili tu, nipate kumaliza kupika."

Bi Mwatima alimtazama Bashira, akamtazama yule mtoto. Sindano na kofia vikaenda chini. "Vitumbua vitaungua leo," akasema, na nilipofika nikitokea kazini nilimkuta anamshusha ngazi huku amemshika mkono na buibui lake mwenyewe limevaliwa nje ndani.

Jino la Bashira lilitolewa, usaha ukatolewa, na Sukaina akamuandikia dawa za kuua vijidudu za siku tano, arudi kesho yake aonwe tena, na ikizidi apelekwe hospitali mara moja. Hapo Bi Mwatima akashindwa kujizuia.

"Yeye umempa! Mimi umeninyima!"

"Yeye ana homa, Bi Mwatima, na uvimbe umeshashuka shingoni. Wewe hukuwa na hata kimoja katika hayo."

"Mmh," akasema, lakini niliona ameridhika.

Siku tano zile hakuaminiwa Bashira hata mara moja. Kila wakati wa dawa ulipofika, Bi Mwatima alishuka ngazi na magoti yake mabovu, akasimama mbele yake mpaka kidonge kimemezwa. Siku ya tatu Bashira alisema sasa hajambo, vilivyobaki ataviweka. Alipata maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku ya sita nilirudi kutoka kazini nikamkuta Bi Mwatima amesimama katikati ya chumba. Chini, uani, Bashira alikuwa akimwita mwanawe aje kula, na sauti yake ilikuwa safi. Bi Mwatima alinionyesha kijikaratasi cha vidonge vya Bashira, kimetoboka kila tundu.

"Tazama, Nadra. Hakikubaki hata kimoja."

Akakikunja vizuri, akakitia ndani ya kopo, akafunga kifuniko.