Nilimfunga Mtoto wa Bandia, Nikamponza Binti Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni kidogo, msicheke kabla sijaanza. Mtacheka baadaye, nafasi ipo. Mimi ni bibi mtu mzima, nina wajukuu, na kosa ninalolitoa hapa nililitenda kwa mikono yangu na kwa ulimi wangu. Hakunilazimisha mtu. Hata shetani tumwache, amekwisha kusingiziwa mengi.

Jina langu silitaji. Mimi ni mtu wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, na kwetu ukipiga chafya kichochoro cha juu, wa kichochoro cha chini wanakuombea rehema. Kiswahili changu ni cha Unguja nilikolelewa na mama mdogo, na chuo nilichosoma ni cha Kurani tu. Neno likikaa vibaya, liacheni lilivyokaa.

Mfaransa alikuwa bado anatutawala. Binti yangu Zaliha alikuwa ameposwa na Abdu, kijana wa Moroni katika kisiwa cha Ngazidja, karani wa ofisini. Kwetu binti hujengewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia. Nyumba ya Zaliha ilikuwa tayari, ukuta kwa ukuta na yangu. Milango imepakwa rangi, kitanda kimo, mapazia yametundikwa. Kilichobaki ni mume tu.

Majirani walinisema. "Umekosa mkwe Nzuani nzima, mpaka uvuke maji kumfuata Mngazidja?"

"Wangu ana kiti ofisini," nikawajibu. "Wenu wana viti barazani."

Mnaona nilivyokuwa. Nilikuwa mwanamke wa kunyoosha watu. Zaliha nilimcharaza siku moja kwa kusimama mbele ya tangazo la sinema lililobandikwa ukutani. Hakuingia sinema, alisimama tu. Nikamwambia mwanamke anayekaa gizani na wanaume kutazama Wazungu wakibusiana, sala zake zinarudishwa. Nilisema hivyo mbele ya shangazi zake wote, na wote wakaitikia.

Basi nikasafiri kwenda Moroni kupanga siku ya harusi. Nikafikia mtaa wa Magoudjou, kwa binti ammi yangu Mariamu. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mariamu akavaa buibui na kunirushia jingine.

"Twende."

"Wapi?"

"Sinema. Wanawake tunakaa nyuma. Picha ya kutisha, wanasema wanaume wanapiga kelele kama watoto."

"Mimi? Sinema?"

"Hapa nani anakujua? Jifunike. Utakuwa buibui kama mabuibui mengine."

Nikajifunika. Sikubishana naye hata kwa adabu. Nataka mlijue hilo.

Picha ilikuwa ya Kifaransa, sikuelewa neno. Nyuma yetu alikaa mwanafunzi mmoja wa kike akitafsiri kwa kila mtu bila kuombwa. Kulikuwa na nyumba kubwa ya Kizungu, ngazi ndefu, baridi mpaka pumzi zinatoka kama moshi. Mtoto yatima kaletewa mtoto wa bandia, uso mweupe wa kauri, macho ya kufumba na kufumbua. Kila anayemtesa yule yatima anakutwa amekufa chini ya ngazi. Na bandia amekaa pembeni, miguu ameinyoosha, anatazama.

"Sasa wanaulizana nani kamtoa kabatini," akasema yule mwanafunzi.

Nani? Bandia mwenyewe! Hilo mimi nililijua bila kutafsiriwa. Nilimshika Mariamu mkono mpaka akaniambia nimwachie, mkono wake si ukingo wa ngazi.

Lakini mamake Abdu alikuwa aje kunisalimu baada ya Magharibi, na mkwe mtarajiwa hakutwi hayupo. Ikabidi tutoke, na picha bado haijesha. Nikarudi Magoudjou na nusu ya picha kichwani, na nusu hiyo nikaifanya elimu kamili.

Zikapita wiki. Zawadi za bwana harusi zikafika Mutsamudu. Kwetu zawadi haziingii kimya. Wanawake huzibeba vichwani kwenye sinia, zinapita vichochoro vyote, na mwanamke mmoja anatangulia akizitaja moja moja. Kilichotajwa mbele ya mji hakirudishwi. Ukikirudisha, umevunja uchumba.

Zikapita nguo, manukato, viatu, seti ya vikombe. Watu wameridhika. Sinia ya mwisho ikashushwa, na aliyekuwa akitangaza akasema, "Na hiki kimetoka kwa mamake bwana harusi, kwa mkono wake mwenyewe."

Mtoto wa bandia. Uso mweupe wa kauri. Macho ya kufumba na kufumbua. Gauni limepauka, kiatu cha mguu mmoja hakipo.

"Wangazidja hawana subira," akasema jirani yangu. "Wametuletea mjukuu kabla ya harusi."

Kila mtu akacheka. Mimi niligeuka kutazama ngazi za nyumba ziko umbali gani.

Zaliha akampokea na kumweka juu ya kitanda chake kipya, kati ya mito miwili. "Mzuri, Mama."

"Ana macho."

"Kila mtu ana macho, Mama."

Kuanzia siku ile nikawa na kazi. Kioo cha taa kikavunjika, nikamhesabia yeye. Mpwa wangu akaumwa jino, yeye. Shemeji akateleza ngazini kwa kubeba magunia mawili badala ya moja, na kwangu hiyo ikawa shahada tosha, maana ngazi nilikuwa nimeziona. Kumrudisha siwezi, harusi itavunjika. Kusema nilichokiona siwezi, maana nitaulizwa nilikionea wapi.

Nikapanda mpaka kijiji cha Patsy kwa fundi, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa dini. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anaheshimiwa mji mzima. Nikamweleza kuwa ndani ya nyumba ya binti yangu mmeingia kitu kibaya.

"Umejuaje, bweni?" Bweni kwetu ni kila mwanamke mtu mzima, kwa heshima.

"Nimeota."

"Umeota nini?"

Nikamsimulia picha yote kama ndoto. Nyumba kubwa, baridi, yatima, maiti chini ya ngazi. Fundi akanisikiliza huku ameinamisha kichwa. Mwishoni akauliza, "Hizo ngazi, zilikuwa zinazunguka?"

"Zilizunguka, fundi."

Akakohoa kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ndoto nyingine ni tumbo. Punguza chakula cha jioni, soma dua zako, ulale ubavu wa kulia."

Sikuridhika. Nimepanda mlima wote ule kuambiwa nipunguze chakula? "Nikimfunga je, fundi? Kwa uzi mweusi?"

"Sioni haja."

"Lakini si haramu?"

"Si haramu kufunga kitu kwa uzi," akasema, na mimi nikashuka Patsy nikiwa na fatwa yangu.

Nilimfunga mimi. Tangu shingo hadi vidole vya miguu, na kitambaa mdomoni, na macho nikayafunika. Nikampeleka banda la kuku nyuma ya nyumba, pembeni, nikamwekea pumba juu. Zaliha nikamwambia nimemhifadhi asipate vumbi mpaka siku ya harusi. Jino la mpwa wangu likapona, maana lilikuwa limeng'olewa. Nikasema, mnaona?

Siku mbili kabla ya harusi, mamake Abdu akatua na watu wake. Ua umejaa wanawake wanachagua mchele. Ng'ombe wa karamu amekwisha kufungwa mtini. Mama yule akaomba maji ya kutawadha, Zaliha akachukua birika na kumfuata nyuma ya nyumba. Nikawafuata mbio, nikachelewa.

Kuku alikuwa ameatamia. Chini ya kuku, pamoja na mayai matatu, mguu mweupe usio na kiatu.

Mamake Abdu akamwondoa kuku taratibu. Akamtoa bandia, akamfuta pumba usoni, akatazama ule uzi. Wanawake wakaja mmoja mmoja mpaka ua wote ukawa pale.

"Bweni," akaniambia, na sauti hakuipandisha. "Nani kafanya hivi?"

Vijana, hapa ndipo kosa lilipo. Yale ya nyuma ni upumbavu, na upumbavu wa bibi mmoja unasamehewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Ningesema ni mimi, ningeulizwa kwa nini. Ningefika sinema. Nikawaona wale shangazi wote niliowahubiria.

Nikasema, "Ni Zaliha. Unajua watoto wa siku hizi, waoga."

Zaliha alikuwa ameshika birika. Akanitazama. Maji yakawa yanamwagika miguuni pake na hakuyaona. Kwetu binti hamkanushi mama yake mbele ya wageni, na huyo binti mimi ndiye niliyemfundisha.

"Ni kweli, mwanangu?" mama yule akamuuliza.

Zaliha akaliweka birika chini, akainamisha kichwa. Wote wakalihesabu hilo ni ndiyo.

Mamake Abdu akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kufungua uzi, fundo kwa fundo. Mtu akamletea mkasi, akaukataa. Alisema huku akifungua, kama anasema na mikono yake.

"Huyu alikuwa wa binti yangu, mdogo wake Abdu. Baba yao alimtoa Majunga, kule Madagaska. Mtoto alikufa kwa homa, na huyu yumo kifuani pake. Miaka yote nimemweka kabatini, simwonyeshi mtu. Nikasema, binti atakayemchukua Abdu, huyo ndiye nitampa. Sina kikubwa kuliko hiki."

Jirani yangu yule wa maneno akamrudishia kuku mayai yake.

Alipomaliza, akasimama. "Mwanangu anahamia kwenu na nguo zake tu. Nyumba ni ya huyu binti, mlango ni wake, ufunguo ni wake. Kama kitu changu anakipokea hivi, mwanangu nitamleta vipi?"

Zawadi nyingine zote akaziacha. Akaondoka na bandia wake kifuani, na watu wake nyuma. Ng'ombe tukamfungua. Wali uliokuwa wa harusi tukagawa mtaani, na watu walikula kwa adabu kama kwenye matanga.

Baada ya siku chache fundi wa Patsy akashuka kunipa pole. Tulikuwa wawili tu barazani. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Fundi, haikuwa ndoto. Ilikuwa sinema."

Akatazama mkeka. "Najua, bweni."

"Umejuaje?"

"Nilikwenda Moroni kwa Maulidi. Nilikaa viti vya mbele."

Nikamtazama na zile ndevu zake. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza nimejuaje." Akavuta pumzi. "Ulitoka kabla haijesha, siyo?"

"Nilitoka."

"Nilidhani hivyo. Bandia hakufanya lolote, bweni. Alikuwa mjomba. Mjomba ndiye aliyekuwa akiua, kisha anamweka bandia pale, ili watu wamtazame yule."

Mjomba nilimjua vizuri kuliko fundi alivyomjua.

Tulikaa pale, mcha Mungu mmoja na mcha Mungu mwingine, kila mmoja na sinema yake chini ya nguo. Na baadaye nikaja kusikia kuwa wawili kati ya wale shangazi walioitikia siku ile waliiona picha hiyohiyo, tena mara mbili. Mji mzima ulikuwa unajua mwisho, ila mimi. Kama mmoja wetu angefungua mdomo, binti yangu angeolewa.

Ilinichukua karibu mwaka kurudi Moroni. Nilimkuta mamake Abdu kwake, anapepeta. Nikasema yote kwa kusimama, sikukaa. Sinema, uzi, banda, na jina la Zaliha nililolitaja.

Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. "Sinema ningekusamehe palepale uani," akasema. "Na uzi pia, baada ya siku mbili tatu. Lakini ulimtoa mtoto wako kafara kwa ajili ya buibui lako. Hilo si mimi wa kulisamehe. Kamuulize yeye."

Abdu alikuwa amekwisha kuoa, mwezi mmoja nyuma. Mke wake nilimsikia akiimba jikoni.

Zaliha sikumpata wa kumuuliza. Alikuwa amekwenda Majunga kwa shangazi yake, akaolewa kule na mtu mwema, akazaa. Nyumba yake ilikaa imefungwa miaka saba. Nilifagia mbele ya mlango kila asubuhi, na watu wakapita wakinitazama nikifagia.

Sasa amerudi, anakaa hapo, ukuta kwa ukuta na mimi. Nilimwomba radhi. Alisema, "Yamepita." Ananiletea chakula kila siku, kimefunikwa vizuri. Watoto wake wananiita Koko, yaani bibi, kama wajukuu wote. Yeye ananiita Bweni. Tangu siku ile ya birika hajaniita Mama.

Kwa hiyo ninyi, mkitaka kwenda sinema nendeni, mkitaka kukaa kaeni. Hilo silo nililokuja kuwaambia. Niliyoyafanya gizani kwenye kile kiti cha nyuma hayakumdhuru mtu. Niliyoyafanya mchana uani, mbele ya watu, ndiyo yaliyonitoa kwenye umama. Heshima niliyokuwa nailinda siku ile hata sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Jumamosi iliyopita kikombe kilivunjika nyumbani, na nikamsikia mtu mzima mmoja, kabla hajageuka vizuri, akiita jina la mtoto kuwa ndiye mvunjaji. Nikawakusanya wote barazani, wakwe na wajukuu, na Zaliha akasimama mlangoni kwake akisikiliza. Nikawaambia: kuanzia leo, kikivunjika kitu humu ndani, kikipotea, kikiharibika, asiulizwe mtoto yeyote mpaka nimekwisha kuulizwa mimi. Na mkiniuliza, mniulize kwa sauti, mlango ukiwa wazi.