Zamu ya Kwenda Uskoti

Mama yangu alikuwa na kiburi, na sisemi hivyo kwa kumsema vibaya. Kilikuwa kiburi cha mtu aliyejua jembe, aliyekamua ng'ombe kabla jua halijatoka, na ambaye sikumbuki akimtuma mtoto kuazima chumvi kwa jirani. Nami nimekirithi, na yeyote niliyemfundisha darasani atakuthibitishia.

Miaka ile ya baada ya uhuru, wanawake wa kijiji chetu karibu na Nyeri walikuwa na kikundi cha mabati. Nyumba nyingi bado zilikuwa za nyasi, na nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zimeadimika kwa sababu kila mtu sasa alipanda kahawa. Basi wanawake walikwenda pamoja kupalilia kahawa ya watu, kubeba mawe na kuzoa mchanga mtoni, na malipo yakaingia mfuko mmoja. Mfuko ukijaa, mmoja wao alinunuliwa mabati, kisha ikawa zamu ya mwingine. Walilima wakiimba, na wanaume waliopita njiani waliharakisha mwendo, maana nyimbo nyingi ziliwahusu wao.

Nyumba yetu ilikuwa na mabati tayari. Baba alikuwa fundi wa mawe mjini, na fundi gani atakubali kulala chini ya nyasi? Mama aliingia kikundini kwa kuwa wenzake walikuwa humo. Zamu yake ilipokaribia, kila mtu alidhani angeomba tangi la maji au ndama wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi.

Mkutano ulifanyika nje ya kanisa. Shule zilikuwa zimefungwa, nami, mwalimu mpya mwenye viatu vipya, nilikuwa nimekaa kando nikisikiliza. Mama akasimama, akajifunga leso sawasawa kiunoni.

"Mimi sitaki mabati," akasema. "Mabati niko nayo. Nataka mnipeleke Uskoti, nikae kidogo, nirudi."

Walicheka wakashika mbavu. Mama akangoja wamalize. Aliyeacha kucheka kwanza alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, ambaye hakuna mkutano aliouacha uishe bila kupinga kitu.

"Huko Uskoti uko na nani?"

"Sina mtu."

"Umeitwa na kanisa?"

"Hapana."

"Uko mgonjwa?"

"Unaniona mgonjwa?"

"Sasa ati unaenda kufanya nini?"

"Kutembea," mama akasema. "Kutazama."

Lazima nieleze. Kabla ya uhuru, mama alikuwa yaya katika nyumba ya setla mmoja, mzungu mwenye shamba kubwa karibu na kijiji chetu, na mke wa setla huyo alikuwa mtu wa Uskoti. Kila baada ya miaka michache memsahibu alirudi kwao kupumzika, na aliyemfungia masanduku alikuwa mama. Alijua sweta gani hukunjwa vipi, soksi gani ni za mvua na zipi za kanisani. Memsahibu alimsimulia juu ya vilima vya kwao, ukungu na kondoo, kisha gari likaondoka, na mama akabaki na ufagio. Setla alikuwa ameshauza akaenda zake. Lakini wazungu wengine walizidi kuja, hawa wa matembezi, wakisimamisha magari barabarani kumpiga picha mama akiwa na mzigo wa kuni mgongoni. Hakuna aliyemwuliza kama anataka.

"Nimefunga masanduku ya Uskoti tangu nikiwa msichana," aliwaambia wenzake. "Siendi kusoma, siendi kutibiwa, siendi kuomba. Naenda kutembea, kama vile wao wanakuja kutembea kwetu."

Nilijivuna mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwa nimewahi kusikia mtu mweusi akisema neno kama hilo, tena mwanamke, tena mama yangu.

Lakini yule wa ng'ambo ya mto hakuwa amemaliza. Yeye ndiye aliyemfuata mama, wa mwisho katika orodha, na nyumba yake ya nyasi ilivuja hata watoto wakalala wamekumbatia karai. "Na mimi nikinyeshewa," aliuliza, "nitajifunika na Uskoti?"

Hapo hakuna aliyecheka. Swali lilikuwa la haki, na mama alilijua. Alikaa chini. Kisha akasimama tena.

"Mpeni zamu yangu," akasema. "Mimi nitakuwa wa mwisho."

Aliyewahi kuwa katika kikundi kama hicho anajua maana ya kuwa wa mwisho. Waliokwisha kula huanza kupata udhuru. Huyu ng'ombe wake ameugua, yule goti linamsumbua, mwingine ana msiba wa shangazi ambaye hamjawahi kumsikia. Baba alimwambia waziwazi jioni hiyo, "Umeitupa zamu yako."

"Watakuja."

"Kwa mabati walikuja. Nani atatoka jasho ili wewe ukatembee Ulaya?"

Baba hakuwa mtu mbaya. Aliwajua watu tu.

Mama hakubishana. Alianza kupanga safari. Alifuma sweta mbili nzito, akapinga wazo langu la kununua koti jipya, akasema koti jipya ni la mtu anayekwenda kujionyesha. Nilipokwenda Nairobi alinituma niingie ofisi moja ya safari niulize habari za ndege. Binti wa pale, Mwafrika mwenzangu aliyejipaka rangi ya kucha, aliuliza kama msafiri ni mwanafunzi. Nikasema hapana. Basi ni mgonjwa anayepelekwa hospitali? Nikasema hapana.

"Ni mtalii," nikamwambia. "Kutoka Nyeri."

Kalamu ilimponyoka. Niliporudi nikamsimulia mama, alicheka hadi akalowesha leso kwa machozi, akanifanya nilirudie neno hilo mbele ya baba. Baba naye akatabasamu, ingawa alijificha nyuma ya kikombe cha chai.

Habari zilifika soko la Karatina, na wachuuzi wa viazi wakazipeleka hadi Kenol, kwenye njia ya Nairobi. Wengine walisema mama anataka kuwa mzungu. "Mzungu akija kuona mlima wetu," mama aliwajibu, "anageuka Mkikuyu?"

Wakati huo wanawake wa kikundi walikuwa wakilima kwa bidii, na hatimaye nyumba ya ng'ambo ya mto ikapata mabati yake. Watu walikunywa chai, wakaimba, wakapiga vigelegele. Mama alipotangaza kwamba Jumatatu watapalilia kahawa ya mzee mmoja upande wa pili wa kilima, wengi waliangalia vikombe vyao. "Tutaona," walisema. Kwetu, mtu akikuambia tutaona, tafuta njia nyingine.

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa tena, mama alipika uji wa kikundi kizima. Baba aliitazama ile sufuria kubwa, akashika njia ya kazini. Tuliibeba mimi na mama, tukaanza kupalilia, watu wawili katika shamba lililojaa ukungu. Tulimaliza mstari wa kwanza. Hakuna mtu. Mama hakugeuza shingo kutazama njia hata mara moja, kwa hiyo nikaitazama mimi kwa niaba yake.

"Lima," akaniambia.

Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'oa bati moja moja la nyumba zao. Nilikumbuka kila siku mama aliyorudi nyumbani na matope hadi magotini kwa ajili yao, na nilitaka kulia.

Ndipo nikasikia wimbo. Mbele alikuwa yule wa ng'ambo ya mto, jembe begani, na nyuma yake wenzake wote. Alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiwatoa. Mmoja bado alikuwa na unga mikononi, mwingine alikuwa amevaa koti la mumewe.

Alichukua mstari ulio kando ya mama bila salamu. Wakalima pamoja hadi katikati.

"Usifikiri nimekuja kwa sababu yako," akasema.

"Ni kwa sababu ya nani?"

"Hilo shamba la memsahibu wako lilianzia kwa boma ya baba yangu, wakatufukuza." Aling'oa magugu, akakung'uta udongo. "Sasa ukifika kwao usiangalie kondoo peke yake. Niangalizie kama hao watu hawakuwa na mashamba huko."

Mama aliacha kulima, akanyoosha mgongo.

"Nitaangalia," akasema. "Na nitawauliza."